Sare ya Sataranji Si Kazi ya Wavivu

Mpenzi wa kandanda akisikia neno sare hunung'unikia kiingilio chake. Katika sataranji, nusu pointi ya sare huweza kuwa jasho la mtu aliyekuwa akizama.

Natuchukue mfano, tuuweke Horohoro, mpakani wilayani Mkinga, kilomita zipatazo 65 kutoka Tanga mjini, ambako mtu angojaye karatasi za forodha hakosi saa za kukaa. Tuseme wameketi wachezaji wawili wa klabu, mmoja wa Tanga, mwenziwe amevuka kutoka Lunga Lunga, Kenya. Kete karibu zote zimeliwa. Wa Tanga, mwenye weupe, amebakiwa na shaha na kitunda kimoja. Mgeni ana shaha mtupu.

Watazamaji watasema yamekwisha, maana kitunda kikifika mstari wa nane hugeuka malkia. Hayajesha! Kitunda kiko mstari wa sita, shaha mweupe yu ubavuni mwake. Shaha mweusi amesimama mstari wa nane, akimkabili shaha mwenziwe, mraba mmoja tu katikati. Zamu ni ya mweupe. Akisukuma kitunda, anamtishia shaha mweusi, naye anahamia mbele ya kitunda hicho. Mweupe akisogea nyuma ya kitunda kukilinda, mweusi hana pa kwenda, wala hakutishiwa: sare. Asipokilinda kinaliwa, nayo ni sare vilevile.

Lau zamu ingekuwa ya mweusi, angelazimika kupisha, naye angeshindwa. Ndiyo sababu wachezaji wa klabu hukumbushana kuwa katika hali kama hii, kitunda kikiingia mstari wa saba kwa kutishia ni sare, kikiingia kimya ni ushindi.

Sheria hiyo haikuwa hivyo daima. Katika sataranji ya Waarabu wa kale, aliyekosa pa kwenda alihesabiwa ameshindwa. Uingereza ya karne ya 17 na ya 18 ilimpa ushindi!

Zinazochosha, kwa maoni yetu, ni sare za kupeana mikono mapema. Lakini hata mabingwa hukabana kwelikweli. Karpov na Kasparov walicheza michezo 48 mwaka 1984 hadi 1985, 40 ikawa sare, na shindano likavunjwa bila mshindi. Mwaka 2018 mjini London, Carlsen na Caruana walitoka sare michezo yote 12, hata ikabidi waamuliwe kwa michezo ya haraka, ambayo Carlsen alishinda mitatu mfululizo.