Neno «Nguruwe» Kinywani mwa Mkristo



Hapa Nyabiondo nguruwe ni mali. Akiuzwa sokoni, mtoto analipiwa masomo, mgonjwa anapelekwa hospitali. Ndugu zetu Waadventista hawamli kwa sababu ya Walawi 11:7. Sisi tunamla, na hilo si jambo la kugombania. Lakini mtu akiambiwa «wewe nguruwe», hakuna anayefikiri juu ya mali.

Mama akimwambia hivyo mtoto aliyerudi na matope, anataka aoge tu. Kwa mlevi ni dharau. Kwa anayekula peke yake ni uroho. Bali likitupwa juu ya kabila nzima, au juu ya waliokimbia vita wanaolala kambini katika matope, neno hilo linaanza kumtoa mtu katika hesabu ya watu. Mwaka 1994 redio RTLM ya Rwanda iliita watu inyenzi, yaani mende. Mwaka 2003 mahakama ya Arusha iliwahukumu waanzilishi wake wawili. Sisi tunaosema katika redio tusilisahau hilo.

Kisha kuna matumizi ya kanisani. Aliyeokoka akianguka, tunafungua 2 Petro 2:22, nguruwe aliyeoshwa akarudi kugaagaa matopeni. Sisi wachungaji ndio tuliowafundisha. Siku moja tulilisoma mimbarani wakati dada mmoja alikuwa amerudi ibadani baada ya miezi mingi. Hatukumtaja jina, macho ya kanisa yote yalimtaja.

Tulilisoma vibaya. Tazameni mstari wa 1 wa sura hiyo: Petro anasema juu ya walimu wa uongo, na mstari wa 3 juu ya tamaa yao ya kupata faida kwa waamini. Kama andiko hilo linatafuta mtu, litaanzia mimbarani. Hata Mathayo 7:6, ya lulu na nguruwe, inafuata mara moja neno la kibanzi na boriti.

Sasa someni Luka 15. Kijana Myahudi anachunga nguruwe, anatamani hata chakula chao. Hakuna chini kuliko hapo. Lakini hakuna mahali anapoitwa nguruwe. Baba anamkimbilia akiwa bado mbali, anamkumbatia na uchafu wake, anamwita mwana wake. Kaka yake ndiye anayekataa kumwita ndugu. Anamwambia baba kwamba huyo ni mwana wako wewe. Katika mstari wa 32 baba anamrudishia neno lile: ni ndugu yako.

Tulikwenda kwa dada yule pamoja na mama mmoja wa kanisa, tukaomba msamaha. Alitupatia viti, akatusikiliza, hakusema mengi. Siku ya Mungu iliyofuata hakuja. Ile nyingine alikuja, akakaa karibu na mlango.