Presha ya Jicho Inapopanda Baada ya Kuwekewa Mrija

Wiki moja baada ya kuwekewa mrija wa glakoma, presha ya jicho huweza kusoma 10 au 12, na mgonjwa akarudi nyumbani na furaha yake. Wiki ya tano anapimwa tena, inasoma 28. Swali huwa lile lile: "Daktari, ina maana upasuaji umeharibika?" Mara nyingi haujaharibika.

Kifaa hiki, ambacho Anthony Molteno alianza kukitumia Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1960, ni mrija mwembamba unaoingia mbele ya jicho, ukiwa umeunganishwa na bamba dogo lililofichwa chini ya ngozi laini inayofunika weupe wa jicho. Maji ya jicho hupita mrijani hadi kwenye bamba. Mwili nao hulizungushia bamba hilo utando wa kovu, ambao hukamilika kwa wiki 4 hadi 6. Tangu hapo maji hutoka kwa kupenya kwenye utando huo taratibu, kama mtungi wa udongo unavyotoa jasho. Utando ukiwa mzito na wenye uvimbe, maji hukwama na presha huvuka 21.

Hali hii huonekana sana kwa wenye valvu ya Ahmed, mojawapo ya aina za kifaa hiki. Tafiti kadhaa zimeikuta kwa karibu nusu ya macho, nyingine hata zaidi. Kifaa cha Baerveldt hakina valvu, hivyo daktari huufunga mrija kwa uzi unaoyeyuka baada ya wiki kadhaa. Huko presha huweza kuwa juu mwanzoni, kisha ikashuka ghafla uzi unapoachia. Ndiyo maana nasisitiza mgonjwa ajue amewekewa kifaa gani.

Kabla ya kuulaumu utando, daktari hukagua kama mrija umezibwa na damu au umesogea. Huangalia pia matone ya steroidi ya kutuliza uvimbe, kwa kuwa kwa baadhi ya watu matone hayo yenyewe hupandisha presha. Usiyaache kwa uamuzi wako, muulize aliyekuandikia.

Tiba huanza na matone yanayopunguza utengenezaji wa maji, kama timolol na dorzolamide. Mwenye pumu aseme mapema, maana timolol inaweza kumbana kifua. Wengine hufundishwa kulikanda jicho, jambo lisilofaa kujaribiwa bila maelekezo, na wachache huhitaji utando kulegezwa kwa sindano. Presha hutulia baada ya miezi kadhaa, ingawa wengi huendelea na matone. Kuendelea na matone si kushindwa kwa upasuaji.

Ninachokiogopa ni ukimya wa presha ya 28: kwa kawaida haiumi wala haifanyi jicho liwe jekundu, huku mshipa wa fahamu wa jicho ukiendelea kufa, na ukishakufa haurudi. Kwa hiyo usitoke hospitali bila tarehe za kupimwa katika mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu, na uzitimize hata kama jicho halikusumbui.