SALAMU ZA SIMU NA SALAMU ZA MKONO

Siku hizi mfanyakazi aweza kupeleka salamu kwa watu mia kabla hajanywa chai ya asubuhi, na jioni ikifika asiwe na hata mtu mmoja wa kumweleza yaliyo moyoni mwake. Jambo hili si dogo. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mtu 1 katika kila watu 6 ulimwenguni anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke wahusika na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka.

Je, lawama ni ya simu? Sisi twaona yafaa kupima kwanza. Huko Pittsburgh, Marekani, Robert Kraut na wenzake waliwachunguza watu 169 wa nyumba 73 waliokuwa wageni wa intaneti. Mwaka 1998 walieleza kwamba waliozidi kuitumia walipunguza mazungumzo na jamaa zao nyumbani, na huzuni na upweke vikawazidi kidogo. Lakini mwaka 2002 walisema kwamba walipowarudia watu wale, sehemu kubwa ya madhara ilikuwa imetoweka. Katika kundi jingine waliona jambo la kutufunza: watu wachangamfu na wenye kusaidiwa na wenzao walipata faida, bali wakimya na wasio na msaada walipata hasara. Basi chombo hiki humwongezea mwenye nacho, na asiye nacho humpunguzia.

Hatusemi simu itupwe. Mama aliye Mombasa, mwanawe akiwa kazini Oman, humwona na kumsikia kwa chombo hicho, na moyo wake hutulia. Lakini ndugu akilazwa hospitali ya mtaa wa pili, nasi tukampelekea neno "pole" kwa kidole na kujiona tumetimiza wajibu, hapo tumemdhulumu. Neno hilo halimpelekei uji, wala halioni machozi anayoyaficha. Wahenga walisema: fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kwa hiyo twawaomba wanachama na wafanyakazi wote: saa ya chakula simu zikae mfukoni, watu wale wakizungumza. Mwenzetu asipoonekana kazini siku mbili, mmoja wetu aende mlangoni kwake apige hodi. Na kwanza kabisa atafutwe yule mkimya. Mchangamfu atapata wenzake popote. Mkimya asipofuatwa, atabaki peke yake na simu yake.