Sura ya 7: Betri ya Mbegu na Betri ya Chakula

Ukitaja boti, watu hawaifikirii Singida. Wanafikiria Mwanza, Kigoma, Mafia. Singida kwao ni alizeti, kuku wa kienyeji, upepo usiochoka na malori yaliyolala kando ya barabara kuu ya kwenda Nzega. Lakini maziwa yapo. Singidani na Kindai yako pale pale mjini, maji yake ya chumvi. Iramba nako, chini bondeni, kuna Ziwa Kitangiri, linalopokea maji ya Wembere na kuyatoa kwa mto Sibiti kuelekea Ziwa Eyasi.

Mwenye mtumbwi wa kasia anaweza kuiruka sura hii. Inamhusu yule aliyefunga mashine yenye stata, akaongeza taa za usiku na mahali pa kuchajia simu, kisha vyote akaviunga kwenye betri moja. Ni mkasa uleule wa mvuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria aliyeacha karabai akahamia taa za betri: usiku kucha taa zinawaka vizuri, alfajiri mashine haigeuki. Stata inalia “tk, tk, tk” kisha kimya. Na upepo ndio kwanza unaanza.

Dawa yake ni betri ya pili, na hapo ndipo wengi wanapojichanganya. Wananunua betri ya pili, wanaiunga na ya kwanza, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, wanaona sasa wana umeme maradufu. Kweli, upo maradufu. Taa zitamaliza zote mbili badala ya moja.

Mkulima wa mtama hafanyi hivyo. Masuke ya mbegu huyatundika juu ya jiko yapate moshi, na chakula hukiweka ghalani. Nafaka ni ileile, ila njaa ikibisha hodi watoto hawatumwi kwenye mbegu. Boti nayo inataka hivyo: betri moja ni mbegu, kazi yake kuwasha mashine basi, nyingine ni chakula, iliwe usiku. Kilichobaki katika sura hii ni habari ya ukuta uliopo kati yake, na mlango wa kwenye ukuta huo.

Kwanza tupige hesabu, maana inashangaza. Stata ya mashine ndogo ikivuta ampea 150 kwa sekunde 3, imekula kiasi gani? Ampea 150 mara 3, gawa kwa sekunde 3,600 za saa: ampea-saa 0.125. Kikombe tu. Sasa chukua taa 4 za wati 10 kila moja. Jumla wati 40, kwa betri ya volti 12 ni ampea 3.3 hivi. Ziwake saa 9: ampea-saa 30. Taa zile za upole zimekula mara 240 ya kile alichokula stata mwenye kelele.

Kwa hiyo betri hizi hazitengenezwi sawa. Ya kuwashia ina bamba nyingi nyembamba za risasi, ili umeme mwingi utoke kwa mpigo. Ukiikausha mara kwa mara, bamba zile zinamomonyoka na betri inakufa ndani ya miezi. Ya matumizi ina bamba nene, hutoa polepole na huvumilia kushushwa. Hata hiyo usiishushe chini ya nusu kila usiku. Betri ya ampea-saa 70 katika hesabu yetu imeshakaribia mpaka huo. Madukani mwetu zile za gari ndizo tele na bei yake inavutia, ndiyo maana unazikuta zimefungwa kwenye sola za nyumbani, zikifa kila mwaka, na lawama anabebeshwa fundi.

Turudi kwenye ukuta. Njia ya zamani ni swichi kubwa ya mzunguko yenye nafasi nne: moja, mbili, zote, zima. Usiku unaiweka kwenye betri ya chakula. Asubuhi unageuza kwenye mbegu, unawasha mashine, kisha unaweka zote ili zichajiwe pamoja. Ni kifaa kizuri sana kwa mtu asiyesahau, na mtu huyo bado sijakutana naye. Akishatia nanga anaiacha kwenye “zote”, na ukuta haupo tena. Tena kuna hatari nyingine: kuizungusha hadi “zima” wakati mashine inazunguka. Umeme wa altaneta, ile inayochaji betri mashine ikizunguka, unakosa pa kwenda, volti zinaruka juu na diodi zake zinaungua papo hapo.

Njia ya pili ni diodi zenyewe, zinazoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu. Hazisahau. Ila zile za kawaida hutoza ushuru wa volti 0.6 hivi njiani. Altaneta ikitoa 14.2, betri inapata 13.6, na kwa volti hizo betri ya risasi haijai sawasawa.

Ninayoipenda mimi ni rilei inayosoma volti. Mashine ikiwaka, betri ya mbegu inachajiwa kwanza. Volti zake zikifika kama 13.3, rilei inapiga “tak” na kuunganisha betri ya pili. Mashine ikizimwa, volti zikishuka hadi 12.8 hivi, inaachia. Mlango unajifunga wenyewe. Tahadhari moja: usiitumie kama betri yako ya chakula ni ya lithiamu. Ile ikiwa imejaa na imetulia bado inasoma karibu 13.3, kwa hiyo rilei inadhani mashine inawaka na mlango unabaki wazi usiku mzima. Lithiamu inataka chaja yake maalumu katikati.

Mkasa huu wa betri mbili haukuanzia majini. Nimewahi kusimama kando ya lori pale Singida mjini, fundi akiwa amechuchumaa na mita mkononi.

“Fundi, hizi betri ni mpya, zote mbili nimenunua siku moja,” dereva analalamika.

“Na hii redio umeiunga wapi, mzee wangu?”

Ilikuwa imeungwa kwenye betri moja. Lori hutumia volti 24, betri mbili zikifuatana kama mabehewa. Redio ya volti 12 ikining'inizwa kwenye behewa moja, hilo linachoka na lenzake linabaki limejaa. Altaneta inaleta volti 28 kwa wote wawili, lakini hazigawanyiki sawa: mchovu anapata 13.2, aliyeshiba anasukumiwa 14.8 hadi maji yake yanachemka. Moja inakufa njaa, nyingine inakufa kwa kuvimbiwa. Fundi aliikata redio, akashauri kinunuliwe kifaa cha kushusha 24 kuwa 12. Dereva aliuliza bei, akanyamaza.

Kuchaji sasa. Usiitegemee mashine peke yake. Mashine nyingi ndogo za boti hutoa ampea chache tu, na zikizunguka taratibu hupungua zaidi. Tuseme 6. Nusu saa ya kurudi nchi kavu inarudisha ampea-saa 3, nawe umekula 30. Betri ya risasi inayokaa na deni namna hiyo inajengeka ganda jeupe la salfeti kwenye bamba, na ganda likishakomaa halitoki.

Jua ndilo linalolipa. Paneli ya wati 100 kwa kweli hukupa ampea 5.5 hivi jua likiwa kali, na saa 5 za jua la namna hiyo si jambo la ajabu Singida. Hapo una 27. Betri ya risasi inataka urudishe zaidi ya ulichotoa, kama asilimia 15 au 20, kwa hiyo nunua ya wati 150 na usijute. Ipitie kwenye kontrola, iingie betri ya chakula.

Angalia na joto. Mjini Singida, mita 1,500 hivi juu ya bahari, kuna ubaridi. Kule bondeni Kitangiri sanduku la bati juani ni tanuri. Joto likipita nyuzi 25, volti za kuchajia zishushwe, kama 0.2 au 0.3 kwa kila nyuzi 10. Kontrola nzuri hufanya hivyo yenyewe ikiwa ina kipima joto. Sanduku liwe na matundu, kwani betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, na cheche moja ya spana inatosha. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Ukiongeza maji, yawe yale yaliyotengenezwa kwa betri. Ya kisima yana chumvi, na chumvi huua bamba.

Mita ya elfu chache itakwambia mengine. Pima kabla ya kuwasha chochote, betri ikiwa imepumzika saa kadhaa: 12.6 au 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 unaila mbegu. Alfajiri moja ya kawaida inasomeka hivi: betri ya chakula 12.2, ya mbegu 12.7. Unazima taa. Unapiga stata, mashine inashika kwa mara ya kwanza, mita inaanza kupanda, 13.1, 13.2, na kutoka ndani ya sanduku unasikia “tak”.