Kuvunja na Kuzoa: Istilahi za Mwisho wa Vitu katika Programu

Programu ya kompyuta huunda vitu na baadaye huviondoa. Wengi, wakitakiwa kulitafsiri tendo hilo la kuondoa, husema "kuharibu". Neno hilo halifai. Kilichoharibika huacha hasara, lakini kitu tunachokizungumzia huondolewa kwa utaratibu: faili lililokuwa wazi hufungwa, na nafasi ya kumbukumbu hurudishwa. Tunapendekeza "kuvunja", kwa maana ileile ya kuvunja baraza au kuvunja kambi.

Hata hivyo, neno moja halitoshi. Jambo hili hudhihirika pale lugha mbili za programu zinaposhirikiana, kama vile C++, ambayo Bjarne Stroustrup alianza kuibuni mwaka 1979, na Java, iliyotolewa mwaka 1995. Katika C++ wakati wa kuvunja hujulikana: ama mtunzi hutoa amri, ama kitu huvunjwa mara utekelezaji unapotoka katika sehemu kilimoundwa. Katika Java hakuna amri ya namna hiyo. Kitu kisichofikiwa tena na programu humngoja mzoataka, ambaye saa ya kupita kwake haijulikani. Tendo hili la pili tunaliita "kuzoa".

Tuchukue mfano wa picha kubwa iliyohifadhiwa upande wa C++, ilhali upande wa Java kuna kitu kidogo tu chenye kushika anwani yake. Mzoataka hukiona hicho kidogo, picha haioni. Kwake mzigo ni mwepesi, wala hana haraka, kumbe kumbukumbu inajaa. Tena, pande zote mbili zikidai haki ya kuivunja, picha huvunjwa mara mbili, na programu huweza kusimama ghafla.

Kwa hiyo yapasa mmiliki awe mmoja, na upande wa Java uwe na amri ya wazi ya kufunga, itakayoagiza kuvunja ng'ambo ya pili. Ile njia kongwe ya Java, ya kuambatisha kazi hiyo na uzoaji, ilitangazwa mwaka 2017 kuwa haipendekezwi tena.

Mwanafunzi aliyefundishwa neno moja kwa matendo yote mawili atadhani kwamba kilichozolewa upande huu kimekwisha kuvunjwa upande wa pili. Kosa lake litakuwa limeanzia katika istilahi, kabla hajaandika hata mstari mmoja wa programu.