Kwa nini kona za sakafu ya zege huinuka

SAKAFU ya zege iliyomwagwa vizuri na kupimwa kwa pima maji inaweza, baada ya miezi michache, kuonekana imeinuka kingo huku katikati ikibaki chini. Ukiigonga kwenye kona, hutoa mlio wa kitu chenye uwazi chini yake. Siku kabati zito litakapowekwa hapo, au gari litakapoingia gereji, kona hukatika.

Lawama mara nyingi humwangukia fundi kwamba ameiba saruji, au udongo kwamba umetitia. Hayo hutokea. Lakini pale kona inapoinuka badala ya kudidimia, mshukiwa wa kwanza ni maji yaliyomo ndani ya zege lenyewe.

Saruji huhitaji maji ili igande, ila si mengi: takriban robo ya uzito wake ndiyo inayotumika katika badiliko la kikemikali. Kwa mfuko wa kilo 50, hizo ni kama lita 12 na nusu. Ili zege lishindilike huongezwa zaidi, na lita 25 kwa mfuko, ukihesabu na unyevu wa mchanga, bado ni kiasi kinachokubalika. Tatizo huanza ndoo ya ziada inapomiminwa ili zege litiririke lenyewe na kazi iishe kabla ya magharibi. Maji hayo hubaki katika vitundu vidogo vya zege, na ni lazima yatoke.

Yakitoka, hutokea juu, penye upepo na jua. Chini kuna udongo wenye unyevu, au karatasi ya nailoni isiyopitisha kitu. Zege likikauka husinyaa: kipande cha mita 5 kikisinyaa kwa asilimia 0.05 hupungua milimita 2.5. Kama upungufu huo ungekuwa sawa juu na chini, sakafu ingefupika tu. Kwa kuwa uso wa juu husinyaa kuliko wa chini, kipande hujikunja mithili ya ubao mbichi ulioanikwa juani.

Joto nalo lina zamu yake, hasa nje. Mchana uso wa juu hutanuka, katikati hujaribu kuinuka na kona hukandamiza ardhi. Usiku mambo hugeuka. H. M. Westergaard, mhandisi mzaliwa wa Denmark aliyefundisha Illinois, Marekani, alikokotoa nguvu hizo kwa barabara za zege mwaka 1927. Ndiyo maana barabara za zege, zikiwamo njia za mabasi yaendayo haraka jijini Dar es Salaam yaliyoanza huduma mwaka 2016, hugawanywa vipande vipande.

Sakafu ya nyumba pia hustahili mikato hiyo. Kwa unene wa milimita 100, iwe kila mita 3 hivi, yenye kina cha robo ya unene, na ikatwe mapema, kwa kawaida ndani ya saa 24. Kumwagilia na kufunika kwa magunia mabichi kwa siku 7 huliacha zege lipate nguvu kabla halijaanza kusinyaa. Katika kiangazi cha Dodoma chenye upepo mkavu, kuliacha wazi hata siku moja ni hasara. Wapo wanaodhani dawa ni kuongeza saruji. Sivyo: saruji nyingi hudai maji mengi na husinyaa zaidi, ilhali kokoto ndizo zinazozuia kusinyaa.

Nailoni huzuia unyevu wa ardhini usipande, lakini pia huzidisha kujikunja, kwa kuwa inafunga njia ya chini. Penye vigae au mbao iwekwe, mradi zege liwe na maji machache.

Kwa sakafu iliyokwisha kuinuka, usikimbilie kuisaga. Sehemu ya mkunjo huweza kulegea yenyewe kadiri chini kunavyokauka, na kona iliyosagwa mapema hubaki nyembamba. Ikiwa inacheza inapokanyagwa, itobolewe na uwazi ujazwe uji wa saruji kabla haijabebeshwa mzigo.