Bomba Lisilotii Hesabu

Msomaji wa Tanga anauliza: kwa nini ukifungua bomba kidogo maji hushuka laini kama fimbo ya kioo, ukilifungua zaidi yanavurugika?

Jibu fupi ni kasi na upana wa bomba, vikilinganishwa na mnato wa maji. Kanuni yenyewe imo katika vitabu vya fizikia, naiacha humo. Kilichonishikisha kalamu ni kwamba, kwa hesabu ya kawaida ya wataalamu, maji yaliyo ndani ya bomba la duara lililonyooka hayana ruhusa ya kuvurugika hata kidogo.

Kwanza maneno. Wengine huandika "utulivu". Mimi nasema uthabiti. Yai lililosimamishwa kwa ncha ni tulivu, lakini si thabiti: lisukume uone kama litarudi. Kuvurugika nako sikutaki kuitwe "msukosuko", neno la ndege na siasa. Wavuvi walishasema zamani kuwa bahari imechafuka. Basi mchafuko.

Mwaka 1883, mjini Manchester, Osborne Reynolds alipitisha uzi wa rangi ndani ya maji yaliyotiririka katika mrija wa kioo. Maji yakienda taratibu, uzi ulinyooka. Alipoongeza kasi ukatetemeka, kisha rangi ikatapakaa mrija mzima. Kwa kipimo tunachokiita leo namba ya Reynolds, mchafuko huanza kwenye 2,000 hivi. Yeye, kwa kuyatuliza maji mno, alifika 13,000. Chombo chake kingalipo, na kilipotumiwa tena karne moja baadaye hakikufika huko: magari yalikuwa yakiutikisa mji.

Hesabu ya uthabiti huuchambua mtikisiko katika mitindo yake, kisha huuliza kila mtindo utakua au utakufa. Ndani ya bomba, yote hufa. Mchafuko unatoka wapi?

Fikiria mchezo wa kuvuta kamba. Timu mbili zina nguvu nyingi, tena sawasawa. Kitambaa cha katikati hakisogei. Anayekitazama hicho tu atadhani watu wamepumzika. Sasa wote wanaanza kuchoka, ila wa kushoto walikuja na uji wa asubuhi tu, na wa kulia walishiba ugali. Wa kushoto wanalegea mapema, na kitambaa kinatimka kuelekea kulia. Hakuna aliyeongeza nguvu! Kila mkono uwanjani unadhoofika, na bado mwendo unakua. Baadaye hata walioshiba watalala chini, lakini wenzao wameshaburutwa hadi kwenye sufuria za wapishi, na pilau imemwagika.

Ndani ya bomba, timu hizo ni mitindo inayokaribia kufutana. Kwa macho, ni kisulisuli chembamba kilicholala kufuata urefu wa bomba. Kinachota maji mazito ya mwendo kutoka ukutani na kuyapandisha katikati, na kuyashusha yaendayo kasi, kama mwiko unaokwangua chini ya chungu. Kisulisuli kinafifia, huku michirizi iliyoachwa nacho ikinenepa. Mwaka 1993, katika jarida la Science, Lloyd Trefethen, Anne Trefethen, Satish Reddy na Tobin Driscoll walionyesha kuwa mtikisiko wa namna hii unaweza kukuzwa kwa kiwango cha mara 100,000 kabla haujafa.

Jambo hili linahitaji pande tatu. Kwenye mchoro bapa kisulisuli hicho hakina pa kulala, na wataalamu walikuwa na sababu nzuri ya kukazia macho michoro bapa: mwaka 1933 mwenzao Squire alithibitisha kwamba, kati ya kuta bapa, mitikisiko ya pande mbili ndiyo hutangulia kupoteza uthabiti. Alikuwa sahihi, kuhusu ile inayokua bila kukoma.

Michirizi ikishanenepa huparaganyika na kuzaa visulisuli vipya. Hapo hesabu ni nyingine, na bomba la nyumbani lina kona na kutu. Si kitu. Msomaji wetu alifungue lake taratibu, kisha amwombe mtu agonge ukuta.